Fremu ya Dada Divine, Kwenda Kigoma na Kurudi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa mtaani Kinama, Bujumbura, ana swali lilelile: kumbe mlipeleka velo, ile baiskeli ya dada yako, Tanzania kuchomelewa, ikawaje? Darasani mmeniuliza, kanisani mmeniuliza, na yule muuza mandazi ambaye hajawahi hata kunisalimia naye ameuliza. Nimechoka kusimulia. Tena kila nikisimulia naongeza kitu, na sasa kuna watu wanaoamini nilipambana na mamba. Mamba hakuwepo. Naandika mara moja, msome, mpeane, mniache nilale. Bega langu la kulia bado lina alama.

Kinama hadi Buyenzi, kwa miguu

Kwa wasiotujua vizuri: Divine ni dada yangu mkubwa, mimi Fiston ni mdogo wake na mbeba mizigo wake. Yeye anauza kwenye duka la mikate mjini, na kabla ya kazi, watu wengine wakiwa bado wanajigeuza kitandani, anapanda na baiskeli barabara ya mlimani ya Bugarama. Baiskeli yenyewe ni ya mashindano, fremu yake ya alumini. Aliachiwa na msichana wa klabu yao aliyehamia Kanada. Ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuiinua kwa kidole kimoja, na nimewahi kufanya hivyo mbele ya watu fulani ambao sitawataja.

Kocha wa klabu alikuwa ametangaza mbio za Jumapili: kuanzia chini mjini, kupanda hadi Bugarama, kugeuka, kushuka tena. Msichana atakayefika wa kwanza ndiye atakayekwenda kushindana nje ya nchi. Nafasi ni hiyo moja tu. Kila mtu aje na baiskeli yake, asiye nayo akae nyumbani awaombee wenzake.

Ndipo Divine akarudi asubuhi moja akiisukuma kwa mikono, uso umemkauka. Alisikia mlio chini yake, kwi, kwi, kwi. Akashuka, akapitisha kucha kwenye bomba la chini, karibu na shingo ya usukani, kucha ikaingia. Ufa. Mwembamba kama unywele, lakini ulikuwa umeshazunguka nusu ya bomba.

Yeye hawezi kuacha kazi. Mimi nilikuwa likizo. Mkutano wa familia ulikuwa mfupi kuliko sala ya chakula. Tukang'oa magurudumu, usukani, mnyororo na kila kinachong'oka, nikapewa fremu tupu, nikaivaa begani kichwa kikiwa ndani ya pembetatu, kama ng'ombe aliyefungwa nira.

Njia nzima watu walinisimamisha wakitaka kujua nauza kilo kwa bei gani. Mtaani kwetu alumini si baiskeli. Alumini ni sufuria ambayo bado haijafika motoni. Kuna mama mmoja aliipiga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akanihakikishia kwamba hapo kuna sufuria mbili na kifuniko. Nilimwambia asante, ndani yake yuko dada yangu.

Buyenzi, ambako ufa ulipata mwenzake

Fundi Saidi wa Buyenzi anachomelea kila kitu kinachovunjika mjini: mageti, vitanda, chasisi za magari. Mkono wake kwa chuma hauna maneno. Akaigeuza fremu, akaikwaruza kwa msumari, akasikitika.

“Hii ni alumini. Mi na alumini hatuelewanake.”

Angeishia hapo, ningemheshimu hadi leo. Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama wanatazama, na fundi wa Buyenzi hawezi kusema hawezi huku watu wanamwangalia. Akavaa miwani, akawasha.

Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unaona kabisa kwamba kimeanza kukasirika. Alumini ilikaa vilevile, nyeupe, kimya, kama mwanafunzi ambaye hajui jibu, kisha ghafla ikadondoka chini tone moja. Tulipotazama, palipokuwa na ufa palikuwa na ufa pamoja na tundu la ukubwa wa punje ya hindi.

Fundi Saidi akazima. Wateja wawili wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine. Akaniambia taratibu kwamba kazi hii inataka mashine ya gesi, na mtu wa mashine hiyo hapa mjini hana gesi, wala hajui itakuja lini. Lakini Kigoma, kwa watengenezaji wa boti, yuko binamu yake anaitwa Rama, na yeye gesi anayo.

“Muambie umetumwa na mi,” akasema. “Ila ile tundu, usimuambie ni ya nani.”

Nyumbani Mama alikubali kwa sharti moja: niende na Mama Kelly, jirani yetu, ambaye huenda Kigoma kununua vitenge na mabeseni. Ya tiketi na makaratasi siwachoshi nayo. Divine alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika sikio kama nilipokuwa na miaka sita.

“Fiston, hii si ya kuchezea. Jumapili ikifika bila hii kadri, hii fremu, mi nimekwisha.”

Bujumbura hadi Rumonge, mwendo wa foleni

Dereva alisema tunaondoka sasa hivi. Nilipata muda wa kulala, kuamka, kununua karanga, kuzimaliza na kulala tena. Basi lilikuwa limejaa watu na halina mafuta, na foleni ya mafuta ilikuwa inapinda kona mbili. Waendesha baiskeli walikuwa wanatupita huku wanatuangalia kwa huruma. Nikamwambia dereva kwamba usafiri wa kisasa ni huu nilioubeba, haujui foleni. Akanigeukia akaniambia, basi mdogo wangu, shuka uupande. Fremu haina hata gurudumu. Basi zima lilicheka.

Mama Kelly ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya ziwa, na hana aibu na mtu. Alikuwa amekaa na fremu ya Divine magotini kama mtoto, kwa sababu kondakta alitaka kuifunga juu ya paa chini ya magunia. “Ukiiweka juu, na mi nitaenda kukaa juu,” alimwambia, na kondakta alipompima kwa macho akaona paa haliwezi.

Ziwa lilikuwa kulia kwetu muda wote, limetulia, halina haraka, halinunui mafuta. Tulifika Rumonge, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Dereva akashuka na dumu mkononi, akatuambia tusiende mbali. Kwa sauti ile tulijua tunaweza kwenda mbali.

Rumonge, ukuta wa masufuria

Nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo nilipotaka kufa.

Mama Kelly alikwenda kutafuta choo. Mimi njaa ilikuwa inaniuma na harufu ya mukeke wa kuchoma ilikuwa inanivuta kwa kola ya shati. Siwezi kula samaki nikiwa nimevaa fremu. Kando ya barabara palikuwa na ukuta mfupi wenye kivuli kizuri. Nikaiegemeza pale, mahali ninapoiona, nikakaa na samaki wangu na ndizi. Nilikula nikiitazama. Kisha nikafika kwenye kichwa cha samaki, na mnajua kichwa cha mukeke kinataka mtu atulie.

Nilipoinua macho, fremu haikuwepo. Pale pale nilipoiegemeza palikuwa na sufuria mpya, inang'aa, na kifuniko chake.

Nilidhani nimekula samaki mbaya. Nikaenda nikaigusa. Ilikuwa sufuria ya kweli. Mama aliyeniuzia samaki akanieleza kwa utulivu, huku anapepea mkaa, kwamba nimepata sufuria nzuri, niishukuru. Nyuma ya ukuta ule ndiko wanakoyeyusha alumini, na desturi ya pale haina maneno: unaweka alumini yako iliyovunjika ukutani, unakwenda zako sokoni, ukirudi unakuta sufuria inayolingana na ulichoweka. Huulizi, huulizwi. Mji mzima unajua. Mi nilikuwa sehemu ya mji ambayo haijui.

Nikazunguka ukuta mbio, sufuria mkononi. Uani palikuwa na tanuri, na mbele yake mzee mmoja mwembamba, Mzee Nestor, mikono myeusi hadi viwiko, amelaza fremu ya dada yangu juu ya jiwe na ameinua nyundo. Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema “mzee” mara nyingi sana. Nyundo ikabaki juu.

“Uliweka ku ukuta,” akasema.

Nikamwambia niliegemeza tu, kwa ajili ya kivuli.

“Ni ile ile.”

Nikampa sufuria yake. Hakuipokea. Na hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililonichosha. Alinieleza vizuri kabisa. Ukuta ule aliurithi kwa baba yake. Hakuna mtu aliyewahi kurudisha sufuria na kuchukua alumini yake. Leo akinikubalia mimi, kesho kila mama aliyepata sufuria ndogo kuliko alivyotamani atakuja kusema naye aliegemeza tu. Watu watamwekea nini tena, na nani atamwamini? Nikamwambia kuhusu Divine, mlima, Jumapili, nafasi moja. Alisikiliza hadi mwisho, akasema pole, na nyundo bado haikushuka wala haikuwekwa chini.

Mama Kelly akafika akiwa anafunga kitenge chake. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Aliitazama sufuria, akaitazama fremu, akamsalimia mzee kwa adabu, akamuuliza swali moja: je, ukuta unapokea sufuria nzima?

“Ukuta unapokea alumini,” mzee akajibu.

“Na unatoa nini?”

Mzee akafikiri. Akasema ukuta unatoa kitu cha alumini kinacholingana.

“Sawa,” akasema Mama Kelly. “Basi usivunje, tunakuja kuweka.”

Tatizo: sufuria ile peke yake haikutosha. Mzee, ambaye naye anaishi kwa kazi yake, aliipima fremu kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono mwingine, akatikisa kichwa. Fremu ilikuwa nzito zaidi. Mama Kelly akanirudisha kwenye basi, akasimama mlangoni, akawatangazia abiria kwamba mtoto huyu mjinga, yaani mimi, ameuza baiskeli ya dada yake kwa sufuria bila kujua, na kila mwenye kipande cha alumini alicho tayari kukisahau akitoe.

Watu waliokaa bila mafuta hawana kazi nyingine. Walicheka hadi basi likatikisika, kisha wakaanza kupekua mizigo. Bibi mmoja akatoa kifuniko kilichopinda. Mwalimu mmoja akatoa bakuli lake la safari, lililotoboka. Kondakta akaingiza mkono chini ya kiti akatoa pistoni mbovu, nzito kama dhambi, akasema wamekuwa wakisafiri nayo tangu hajaoa. Dereva hakuwepo kumkataza.

Tukavipanga ukutani vyote pamoja na sufuria mpya. Nilitaka kusubiri. Mama Kelly akanivuta mkono: lazima tuondoke, ndiyo desturi. Tukaenda hadi kwa muuza samaki, tukasimama tukiwa tumegeuza migongo kama watoto wanaocheza kombolela. Kugeuza mgongo kule kulinichosha kuliko safari yote. Tuligeuka, na ukutani ilikuwa fremu ya Divine, imeegemezwa vizuri, kwenye kivuli.

Mzee Nestor hatukumwona tena. Tulimsikia tu, nyundo inaanza kuipiga ile pistoni.

Basi, msiulize kama liliondoka bila sisi. Dereva alikuwa bado kwenye foleni na dumu lake.

Rumonge hadi Kigoma

Tulilala Rumonge kwa ndugu wa Mama Kelly, tukaendelea asubuhi hadi Mabanda, kisha tukapanda gari dogo lililobeba madumu ya mawese. Mawese yalinitia harufu ambayo Mama aliitambua siku niliporudi kabla hajaniona.

Mpakani ofisa mmoja aliuliza nimebeba nini. Swali la kawaida kabisa. Jibu lake ni “fremu ya baiskeli”. Mimi nikamjibu kwa huzuni kwamba ni marehemu, tunampeleka kwa ndugu zake. Mama Kelly alinifinya, lakini tayari ofisa alikuwa amemwita mwenzake aje aone marehemu, mwenzake akamwita mwingine, na wote watatu walitaka maelezo marefu, ndugu wa marehemu ni akina nani, alikufa kwa nini, na kwa nini ana tundu. Walikuwa wanafurahi kuliko mimi. Walipotuachia, gari la kuelekea Kigoma lilikuwa limeshaondoka na tulikaa juani hadi la jioni. Mama Kelly hakunisemesha njia nzima. Alikula mahindi yake mawili peke yake.

Kigoma tulifikia kwa shangazi yake, mwanamke mkarimu anayeongea Kiswahili kilichonyooka kama rula. Wajukuu zake walinifanya niseme “apana” na “mutu” mara nyingi, wakinialika nirudie kama redio. Mezani nilijitetea kwa kuwaambia kwamba sawa, Kiswahili wanacho, lakini samaki kama mukeke wetu hawatampata. Shangazi akaniwekea mgebuka. Nikala, nikakubali kwa ustaarabu kwamba si mbaya ingawa hamfikii mukeke. Nikaona wote wananiangalia. Ni samaki yuleyule, wa ziwa lilelile. Niliomba chumvi ili nipate cha kufanya.

Kwa Rama

Binamu wa Fundi Saidi ana kibanda kando ya maji, boti zimelala kila upande matumbo juu. Anaongea kuliko mimi, na hilo silisemi kwa urahisi. Kabla sijaiweka fremu chini alishaniambia boti alizochomelea, injini alizofufua na mabosi waliomsihi ahamie Dar akakataa. Alipoliona tundu alinyamaza kwa mara ya kwanza. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema sijui, nililikuta.

“Huyo ni Saidi,” akasema. “Tangu tukiwa wadogo alikuwa hivyo.”

Tukasubiri. Umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, upepo wa ziwa ukaanza, na ile gesi ikipeperushwa, alumini inavuta hewa na mchomo unaoza. Upepo ulipopungua, umeme ukakatika tena. Mchana wote ulikwenda hivyo, viwili hivi vinapishana kama wake wenza. Nililala juu ya nyavu, nikaamka na alama za nyavu shavuni. Mwishowe umeme ukarudi upepo ukiwa bado unavuma, na Rama akasema hawezi kungoja hali ya hewa kama mkulima. Akatutaka tuzuie upepo. Mama Kelly alifungua vitenge vyake vipya, tukavishika pande mbili kama pazia, uso umegeuzwa tusiumie macho, na nyuma ya maua yale mazuri nikasikia mlio mdogo wa gesi, kama mtu anayenyamazisha mtoto.

Ilipopoa alikata ziada ya kiraka alichozibia tundu, akaipiga tupa. Ulikuwa mchomo mzuri, mawimbi madogo yaliyopangana. Nikamshukuru, nikainyanyua kuivaa. Akanishika mkono.

“Nani anaiendesha?”

Nikamweleza. Aliuliza kuhusu barabara: mlima una urefu gani, una mashimo, wanashuka kwa kasi gani. Nilijibu kila kitu, kwa mara ya kwanza safari nzima bila utani.

“Sikiliza, dogo. Kupanda, apande nayo hadi mbinguni. Kushuka, ashuke kwa miguu.”

Akanieleza kwamba alumini ikishachomelewa, pale kando ya mchomo inakuwa laini, na hana tanuri la kuirudishia ugumu wake. Chuma kinapinda kwanza, kinakuaga. Hii haiagi. Kwenye kasi, kwenye shimo, shingo inaachana na mwili mara moja. Mjini, tambarare, taratibu, haina neno. Nikamuuliza kama ana uhakika kwamba itavunjika. Akasema hana. Inaweza ikakaa miaka.

“Ningekuwa na uhakika,” akasema, “ningekwambia tu tuiache.”

Kigoma hadi Kinama

Ya kurudi ni yaleyale, kinyumenyume: gari, jua, foleni, dumu. Mpakani wale watatu waliniuliza hali ya marehemu, nikasema amefufuka, nikapita haraka. Rumonge sikushuka kwenye basi hata kwa kukojoa. Mama Kelly alikuwa amelala, fremu magotini. Mimi nilikuwa nikifikiria namna ya kusema.

Tulifika Jumamosi, jua likiwa linaelekea milimani kwa Wakongomani. Divine alikuwa ameyapanga magurudumu na usukani uani tangu asubuhi, kila skrubu kwenye kitambaa. Aliukagua mchomo kwa kidole, akanikumbatia, akaanza kufunga. Nikamwacha afunge breki ya mbele, ya nyuma, mnyororo. Kisha nikamwambia maneno ya Rama, yote, hata ile kwamba hana uhakika.

Hakuinua kichwa. “Ni yeye alisema, ama ni we?”

“Ni yeye.”

“Fiston.”

“Divine, mi nilitaka nikuambie imepona. Nilijifunza kusema hivyo tangu Mabanda.”

Akaendelea kukaza skrubu ileile ambayo ilikuwa imeshakazwa. Mama alimwita kula, hakuja.

Bugarama, Jumapili

Alfajiri nilipanda juu na lori lililokwenda kuchukua kabichi, nikiwa na maji yake kwenye mfuko. Bugarama kuna baridi ya kukufanya ukumbuke dhambi. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na kila baada ya muda walikuwa wanatokeza ndani yake watu wa ndizi, wale wanaoshuka mjini na baiskeli nzito za chuma, mikungu imefungwa pande zote, wanapita wakipiga mluzi na kumezwa tena na ukungu. Niliwahesabia ujasiri, kisha nikaacha.

Mahali pa kugeukia palikuwa na pipa katikati ya barabara na kocha amesimama kando na saa yake. Tukasikia kelele za wauza mboga kabla hatujaona kitu. Kisha akatokea mmoja, kichwa chini, mabega yanayumba, na nikamtambua kwa soksi, ni zangu.

Divine alikuwa wa kwanza, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Akalizunguka pipa. Kocha alikuwa anapiga makofi, anamwambia ashuke, ashuke, nafasi ni yake. Barabara ilikuwa mbele yake, imelowa, inateremka kwenye weupe. Alisimamisha pedali. Baiskeli ikateleza yenyewe hatua chache, polepole. Niliona vidole vyake juu ya breki, vinafungua, vinafunga.

Akaweka mguu chini.

Kocha alimfuata akidhani mnyororo umetoka. Akamwambia umetangulia mbali, Divine, hata ukishuka unaimba utashinda. Divine akamwambia fremu imechomelewa, fundi amesema isishuke. Kocha akauliza fundi gani. Akajibu hamjui. Msichana wa pili akatokea kwenye ukungu, akalizunguka pipa, akatutazama kwa mshangao, akatoweka chini. Wa tatu hivyohivyo. Divine aliwatazama wote hadi wa mwisho.

“Una kitu cha kula?” akaniuliza.

Nilikuwa na maji tu. Nikamnunulia hindi la kuchoma. Tulishuka na lori juu ya kabichi, baiskeli katikati yetu, tumeishika kila mtu upande wake. Kwenye kila kona nilifikiri atasema kitu. Mjini tulipita pale pa kumalizia. Walikuwa wamembeba yule wa pili mabegani. Dereva hakusimama, kabichi zinaharibika.

Kinama

Fremu haijavunjika. Hiyo ndiyo shida. Divine anakwenda nayo kazini kila asubuhi, tambarare, taratibu, na mtaani wananiambia maneno yangu yamemnyima dada yangu safari. Kila ikipita kwenye shimo mi nafumba macho, na nikiyafumbua ipo, nzima, inaniangalia.

Juzi kocha alikuja. Alikaa uani, akapewa chai, na akasema yaliyomleta: ameambiwa velo inatembea mjini bila tatizo, basi ile Jumapili ilikuwa woga tu, na mtu mwoga hawezi kumpeleka nje. Mama alikuwa anamtazama vibaya. Divine hakukasirika. Aliingia ndani, akaitoa baiskeli, akaiegemeza kwenye goti la kocha.

“Lori ya kabichi inapanda kesho asubuhi,” akamwambia. “Panda nayo, halafu ushuke na hii. Ukifika chini, mi nitakuja kukuomba msamaha mbele ya klabu yote.”

Kocha akacheka. Kisha akainama kuutazama mchomo. Akapitisha kucha pale, taratibu, upande mmoja na upande wa pili. Akasema mgongo wake unamsumbua siku hizi. Akamaliza chai, akaaga.

Jioni akatuma ujumbe kwenye simu ya Mama. Anataka urefu wa mguu wa Divine, kuanzia chini hadi kwenye kiti, akaandika asikosee. Mama hakuelewa ni wa nini. Divine alielewa, alivua viatu hapohapo akaenda kusimama ukutani, wima, kisigino kimegusa. Mimi nikachukua kamba na rula ya shule. Nilipofika juu vidole vyangu vilitaka sana kuongeza kidogo, tumwone kocha akitafuta baiskeli ya twiga. Nikapima mara mbili. Nikaandika ilivyo.